Maksai wa Dada na Meli Iliyomwaga Mafuta

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, simu yangu iliita nikiwa nafuta sakafu ya chumba cha mashine. Saa naikumbuka kwa sababu kila siku huandika muda wa kuzima mashine ili nijue dizeli imekwenda wapi, na siku hiyo nilikuwa nimemaliza tu kuandika. Aliyepiga alikuwa mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, baharia kwenye meli ndogo inayobeba mafuta mazito.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Sinong'oni. Sauti ndiyo imekwisha. Mjomba, meli imekamatwa."

Mimi ni mkamuaji wa alizeti hapa Kinampanda. Bahari sijawahi kuiona. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kusimama kando yake ni ya ziwa Kitangiri. Lakini mpwa wangu hakukosea namba. Alipopata kazi yake ya kwanza melini aliniletea mkataba niusaini kama shahidi, na mimi sisaini nisichokielewa. Ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kujisomea. Nilikaa nao wiki mbili na kamusi, hadi kijana akadhani nimeupoteza, akaona aibu kuniuliza. Kila kifungu kilinielekeza kwenye sheria nyingine, ile nyingine ikanielekeza kwenye mkataba wa mataifa, nami nikafuata tu, kama mtu anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Ng'ombe nilimpata. Lakini nilikuwa nimeshazoea kutembea, sikurudi.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, msimu wa kukamua ukiisha, nimekuwa nikisoma sheria za meli: nani anamlipa baharia, nani anamrudisha kwao, nani analipa mafuta yakimwagika. Shemeji yangu, baba wa huyo baharia, huniita Kapteni. Akipita na baiskeli yake hupaza sauti kutoka barabarani, "Kapteni! Bahari imechafuka leo?" Nami hujibu kutoka ndani, "Mawimbi ni ya kawaida, shemeji. Vaa boya." Wateja wanaosubiri mafuta yao wamezoea.

Jioni ile mpwa wangu alinieleza mambo kwa mpangilio, maana nilimfundisha mwenyewe kueleza kwa mpangilio. Walikuwa bandarini, nchi ya mbali, wakipakua mafuta. Mpira mkubwa unaopitisha mafuta kutoka melini kwenda nchi kavu ulifunguka kwenye kiungo, na mafuta yakaingia baharini kabla pampu haijazimwa. Wakuu wa bandari wakaizuia meli isiondoke mpaka mwenye meli atoe dhamana ya gharama za kusafisha. Mwenye meli, ambaye tayari alikuwa hajawalipa mishahara kwa miezi mitatu, akaacha kupokea simu. Chakula kilichobaki ni mchele na vitunguu. Kisha akaja wakala wake wa pale bandarini na kuwaambia mabaharia maneno mawili: mishahara yao itasafisha bahari, na anayetaka kwenda kwao asaini kwamba hadai kitu, ajinunulie tiketi ya ndege.

"Umesaini?"

"Bado. Ila kuna jambo jingine, mjomba."

"Sema."

"Mimi ndiye niliyekuwa zamu pale kwenye mpira."

"Uliuunga wewe?"

"Hapana. Uliungwa na zamu iliyotangulia, na nahodha alishaambiwa kwamba kile kifungio kimechakaa. Mimi nilikuwa mwangalizi. Nilipoona unavuja nilipiga kelele, wakazima pampu."

"Sasa kosa lako liko wapi?"

"Niliomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Nilisimama kwenye chumba cha kulia, nahodha yupo, wakala yupo, maofisa wa bandari wapo. Nikavua kofia. Nikasema nisameheni, jambo hili limetokea mikononi mwangu. Wakala akaniomba nirudie polepole."

Nilikaa juu ya gunia la mashudu. Msomaji asiye wa huku lazima aelezwe. Kwetu ng'ombe wakiingia shamba la mtu, mchungaji hasubiri kuulizwa. Anakimbia mwenyewe kwa mwenye shamba, anavua kofia, anaomba radhi, hata kama ng'ombe hao walikimbizwa na fisi na yeye alikuwa juu ya mti. Asiyefanya hivyo anaonekana hakulelewa. Mpwa wangu alichunga mpaka alipomaliza sekondari, na bahari haikumtoa hilo. Alifanya adabu mbele ya watu wanaoandika.

"Mama yako anajua?"

"Nilianza kumpigia yeye. Amesema nisihangaike, Jumatano ni mnada, anauza maksai."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Dada alikuwa na maksai wawili wa kulimia, mwekundu na mwenye madoa, waliofundwa pamoja tangu wakiwa ndama. Mvua ilikuwa inakaribia. Akiwauza, tiketi itapatikana, kijana atarudi mikono mitupu akiwa ametia saini kwamba hadai chochote, na shamba la alizeti litabaki pori. Meli ingekuwa imezama Kinampanda.

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kwa dada. Nilimkuta anawalisha wale maksai mashudu yaliyotoka kwenye mashine yangu mwenyewe, wanenepe kabla ya Jumatano. Shemeji alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, anawatazama kama anayewaaga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kama umekuja na vitabu vyako, viache hapo nje vipigwe jua."

"Karibu Kapteni," shemeji akasema. "Tueleze. Meli yenyewe ni ya nani?"

Nilijibu kama nilivyosoma. Mwenye meli ni wa nchi moja, bendera ni ya nchi nyingine, nahodha anatoka nchi ya tatu, mabaharia wanatoka kila mahali.

"Basi hiyo ni ng'ombe wa kuwekesha," akasema shemeji. "Zizi la huyu, chapa ya yule, maziwa anakunywa mwingine. Siku ng'ombe akila shamba, kila mmoja anasema si wangu."

Nilimwambia kwamba sijawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo, na kwamba ndiyo sababu ulimwengu uliandika sheria. Kwa mafuta yanayobebwa na meli kama ile, anayebanwa ni mwenye meli aliyeandikwa kwenye daftari la usajili. Haiulizwi kwanza nani alizembea. Na wenye madai ya uchafuzi hawaruhusiwi kumgeukia baharia aliyekuwa kazini. Kwa mishahara, baharia akikaa miezi miwili bila kulipwa, au akiachwa bila chakula, anahesabiwa kuwa ametelekezwa, na kuna bima iliyowekwa kwa ajili hiyo tu. Inalipa mishahara hadi ya miezi minne, chakula, maji, na nauli mpaka mlangoni kwao. Nchi iliyoipa meli ile bendera ilikuwa imekubali sheria hiyo. Nilihakikisha usiku uliotangulia kwa bando la shilingi elfu mbili.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtani, lakini si mtu wa kukatiza.

"Sawa. Lakini mtoto ameshaomba radhi. Mtu haombi radhi kwa kosa la jirani. Aliyeomba radhi analipa."

"Sheria haisemi hivyo."

"Mimi sisemi ya sheria. Nasema ya watu."

"Mwanangu anakula mchele na vitunguu," dada akasema bila kugeuka, "ninyi mnahesabu bendera."

Nilikuwa na kifungu cha kumjibu shemeji, na nilikisoma, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Hakikumwondoa maksai hata mmoja kwenye safari ya mnadani. Shemeji alitikisa kichwa kwa heshima tu, kama mtu anayesifu wimbo wa lugha asiyoijua. Dada akaendelea kumimina mashudu, akakung'uta ndoo, kisha akacheka peke yake.

"Wewe," akaniambia, "umesahau uwele wa yule bibi wa bondeni?"

Sikuwa nimesahau, lakini sikuwa nimewahi kuuweka karibu na meli. Dada akamsimulia mumewe, na alisimulia kwa furaha ambayo sikuona ulazima wake. Siku nilipopewa ng'ombe wa baba peke yangu kwa mara ya kwanza, niliwaacha wakaingia kwenye uwele wa bibi mmoja mjane.

"Basi huyu Kapteni wako akakimbia kwa yule bibi, analia mpaka makamasi yanafika kidevuni. 'Nisamehe bibi, ni mimi, ni mimi!' Akavua kofia, akavua na shati! Sijui shati la nini."

"Lilikuwa na miiba," nikasema.

"Lilikuwa na woga. Bibi akampa uji. Akanywa. Akaongezwa. Akalala palepale kwenye ngozi. Jioni bibi akaja nyumbani na fimbo yake, moja kwa moja mpaka kwa baba, akadai mtamba. Na huyu akasimama katikati ya uwanja, anajikaza kiume, anasema, 'Bibi, chukua mbuzi wangu, kosa ni langu.' Unakumbuka alikujibu nini?"

Nilikumbuka. Alisema, "Mjukuu wangu, mchungaji ana fimbo, hana ng'ombe."

"Radhi aliipokea kwako," dada akasema, "na mtamba akamchukua kwa baba. Na baba hakusema kwamba mtoto ameshaomba radhi, basi mtoto alipe. Alitoa."

Shemeji akampapasa maksai mwekundu shingoni. "Kumbe sheria yenu ya meli ndivyo inavyosema?"

"Ndivyo. Ila wao wametumia kurasa nyingi."

"Wangemwita yule bibi," akasema, "wangepunguza karatasi."

Tulimpigia kijana palepale, sauti ikiwa juu ili wote tusikie. Dada alianza. Alizungumza naye Kinyiramba, kirefu, habari ya uwele na shati langu, na mara ya kwanza tangu Jumamosi nikasikia mpwa wangu akicheka, kicheko kilichokatika kwa mtandao na kurudi. Kisha nikapewa simu.

"Hapo melini lazima kuna hati ya bima ya mabaharia waliotelekezwa. Sheria inataka ibandikwe mahali mnapoiona. Kaitafute."

"Sina haja ya kuitafuta, mjomba. Iko ukutani juu ya birika. Kila asubuhi naitazama nikisubiri maji yachemke."

"Miezi yote hiyo?"

"Nilidhani ni ya mkaguzi."

Shemeji akapiga paja. "Mtoto anakunywa chai ya rangi chini ya mshahara wake!"

Nilimwambia asisaini kitu cha wakala, wala mwenzake yeyote asisaini, maana ukikiri kwamba hudai kitu, bima itauliza inalipa nini tena. Waandike kwa pamoja kwa wenye bima, namba ziko kwenye hati ileile, waeleze miezi, waeleze chakula, na nakala ziende kwa nchi ya bendera, kwa wakuu wa bandari na kwa chama cha mabaharia. Aliniuliza kuhusu ile radhi. Nikamwambia asiikane. Radhi ni yake na mafuta ni ya mwenye meli.

Dada hata hivyo ana utaratibu wake. "Jumatano nawapeleka mnadani," akasema. "Kitabu chako kikijibu kabla hawajanunuliwa, nawarudisha. Kisipojibu, nauza. Mtoto hali sheria."

Jumatano nilifunga mashine, jambo ambalo silifanyi katika msimu, tukaenda wote watatu na maksai wawili. Jua lilikuwa kali, vumbi la ng'ombe limetanda, watu wa nyama choma wameshawasha moto. Mnunuzi hakuchelewa. Alikuja kijana mmoja mfanyabiashara, buti za mpira, fimbo nyembamba, akawazunguka maksai, akawabonyeza migongo, akafungua vinywa vyao.

"Mama, milioni mbili wote."

"Hao wanajua kugeuka wenyewe mwisho wa tuta, mwanangu. Milioni mbili na nusu."

"Mbili na laki mbili."

Nilitazama simu. Hakuna kitu. Dada naye alinitazama, akarudi kwa mnunuzi, akaanza kumweleza historia ya maksai wale tangu mama zao. Alieleza magonjwa waliyopona. Alieleza yule wa madoa asivyopenda mvua ya mawe. Mnunuzi alihama mguu mmoja hadi mwingine. Kwenye mnada wetu bei haijafungwa mpaka watu washikane mikono, na nilipoangalia vizuri niliona kwamba dada alikuwa ameficha mikono yake yote miwili ndani ya kanga, tangu mwanzo, katika joto lile.

"Mama, mbili na laki nne. Nimefika mwisho. Lete mkono."

"Mbili na laki nne ni bei nzuri," dada akasema.

"Basi lete mkono."

"Kwanza wanywe maji. Siwezi kuuza ng'ombe mwenye kiu, ni mkosi."

"Mkosi wa wapi huo?"

"Wa ukoo wetu," shemeji akadakia, uso mkavu kabisa. "Umetuua wengi."

Wakapelekwa kwenye birika la maji. Walikunywa. Wakamaliza. Mnunuzi alikuwa ameshatoa noti na kuzishika kama karata. Shemeji alikuwa ameanza kumuuliza habari za wazazi wake, mmoja baada ya mwingine, ndipo simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ulikuwa ujumbe wa mpwa wangu, nao niliusoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo, maana sitaki kutangaza nusu ya jambo. Wenye bima wamejibu. Wanatambua kwamba mabaharia wametelekezwa. Kesho mtu wao anapanda melini na chakula na maji, na hesabu ya mishahara inaanza.

Nilisema neno moja tu: "Dada."

Alitoa mikono ndani ya kanga, akaipandisha juu, akapiga kigelegele ambacho maksai wa watu wengine waligeuka kukitazama. Shemeji alinikumbatia, kitu ambacho hajawahi kukifanya hata siku ya harusi yake. Mnunuzi alibaki na noti zake.

"Mama, umeniuzia au umenitembeza?"

"Nimekutembeza, mwanangu. Nisamehe sana. Mnunulie soda," akaniambia.

Na kijana yule, tulipomweleza, alicheka hadi akakaa chini. Alikunywa soda, akasema kwamba siku akipata kesi atakuja Kinampanda na si mahakamani.

Mambo ya kulipana hayakwenda kwa kasi ya mnada. Mpwa wangu baadaye alinisimulia kwamba wakala alirudi melini mara moja zaidi na karatasi zake, akamkumbusha ile radhi mbele ya wote. Kijana akasimama, akavua kofia tena, akamwambia kwa Kiingereza kwamba kwao mchungaji ana fimbo, hana ng'ombe. Wakala akauliza, ng'ombe gani? Lakini mpishi, mtu wa visiwa vya mbali ambako wanalima kwa nyati, aliangua kicheko jikoni mpaka akadondosha mwiko. Yeye alielewa mara moja. Karatasi za wakala hazikupata saini hata moja.

Gharama za kusafisha bandari zilidaiwa kwa mwenye meli na bima yake ya mafuta, na hakuna aliyemgusa mpwa wangu. Bima ya mabaharia ilimlipa miezi minne. Alipoondoka ulikuwa umetimia wa tano. Huo bado anaudai kwenye meli yenyewe, na ikiuzwa, mabaharia wako mbele ya wadai wengi. Nauli ya ndege, na basi mpaka Singida mjini, na gari hadi kwetu, vyote vililipwa. Nililiangalia hasa hilo la basi, kwa kuwa sheria inataka afikishwe nyumbani, na nyumbani si uwanja wa ndege.

Alifika mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha. Kesho yake nilipita kwa dada asubuhi nikamkuta shambani, ameshika plau nyuma ya maksai mwekundu na mwenzake wa madoa, amevaa ovaroli ya melini ya rangi ya chungwa yenye mistari inayong'aa. Wapita njia walisimama kumtazama. Mwisho wa tuta maksai waligeuka wenyewe, kama mama yake alivyomwambia mnunuzi.

Jumapili shemeji alichinja mbuzi. Tulipomaliza kula nikatoa kalamu, kwa kuwa jambo lisilohesabiwa halijaisha. Nikawasomea: bei iliyofikiwa mnadani, milioni mbili na laki nne, haikupokelewa na maksai wapo. Nikatoa bando na vocha za wiki zote zile, elfu arobaini na tatu. Nikatoa soda ya mnunuzi, elfu moja.

"Na mbuzi?" akauliza shemeji.

"Mbuzi ni sherehe."

"Sherehe ya nini? Mbuzi huyu amekufa kwa sababu ya meli. Ni wa elfu tisini. Kapteni, mtoe."

Dada alisema mtoe. Mpwa wangu, mdomo umejaa, aliunga mkono. Nikamtoa mbuzi, nikapiga mstari, na nikawasomea kilichookolewa: shilingi milioni mbili, laki mbili na elfu sitini na sita.